Abiria wa Milioni Moja

Hapo kale, na tena juzi Jumanne, palikuwa na nchi moja isiyo na bahari wala haya. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu kinachoipasa nchi: bendera, wimbo, mawaziri arobaini na wawili, na katika mji wake wa mbali kabisa, Mbangamawe, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa. Uwanja ulikuwa na jengo la vioo, saa kubwa iliyogoma kwenye saa tano na robo, na choo cha marumaru ambacho mkandarasi alisahau kukichimbia shimo. Ndege ilikuwa moja. Ilikuwa na viti kumi na viwili, nayo ilikwenda Mji Mkuu kila Jumanne na Ijumaa ikiendeshwa na Kapteni Lwitiko, mtu mpole aliyeufunga mlango wa ndege kwa kamba kisha akauombea dua.

Mlangoni pa jengo hilo alikaa Bi Zamaradi Kipandu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu abiria. Alikuwa na kidude cha chuma cha kushika kiganjani. Ukikibonyeza kwa dole gumba kinalia tik, na namba inapanda kwa moja. Kwa miaka tisa dole gumba la Bi Zamaradi liliishi maisha ya starehe. Tik kumi na mbili Jumanne, tik tisa Ijumaa, basi, limelala.

Starehe hiyo ilikatizwa na barua. Wizara iliandika kwamba kila uwanja wa ndege uoneshe ukuaji wa abiria wa asilimia mia nne, na mkurugenzi atakayeshindwa atahamishiwa Idara ya Nzige. Mkurugenzi wa Mbangamawe, Dakta Pangarasi Mabumunda, ambaye udaktari wake ulifika kwa posta, aliisoma barua mara tatu, akanywa maji, akatoka nje kutafuta ukuaji.

Nje palikuwa na umati. Ni desturi ya Mbangamawe kwamba mtu hasafiri kama mbwa aliyepigwa jiwe. Akiondoka, ukoo mzima humsindikiza: shangazi, wajomba, majirani, kwaya, na yule mama aliyewahi kumbeba mgongoni mara moja tu. Anayesafiri peke yake hudhaniwa ameiba.

"Bi Zama," Mkurugenzi akaita, "wale pale ni nani?"

"Wasindikizaji, Mkurugenzi. Mwalimu Chiwalala anakwenda kung'olewa jino."

"Wako wangapi?"

"Sitini na kitu. Na mbuzi."

"Mbuzi mwache kwanza. Hawa watu, wametoka majumbani kwao?"

"Wametoka."

"Na wamefika uwanjani?"

"Si hao hapo unawaona."

"Sasa mtu aliyetoka mahali akafika mahali, tunasema amefanya nini?"

Bi Zamaradi alihisi jibu linakuja, na hakulipenda.

"Amesafiri!" Dakta Mabumunda akasema, machozi yakimlengalenga kwa uzuri wa fikra zake. "Bonyeza, mama. Bonyeza!"

Bi Zamaradi akabonyeza. Mara ya kwanza alisikia aibu kidogo, kama mtu anayekunywa uji wa jirani. Mara ya sitini hakusikia kitu. Jioni Mkurugenzi alirudi, akafikiri, akaagiza na mbuzi aandikwe. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Wasindikizaji, ambayo kwa ufupi inasema kwamba yeyote aliyefika uwanja wa ndege kwa miguu yake au kwa kuburutwa ni abiria kamili mwenye haki zote za abiria.

Mwaka huo ukuaji ulikuwa asilimia mia tano na sita.

Wizara ikafurahi, na wizara ikifurahi huuliza swali la ziada: abiria wote hao wanakwenda wapi? Dakta Mabumunda hakutishika. Alifungua njia mpya tano asubuhi moja, kabla ya chai. Upande wa pili wa uwanja, mwisho wa njia ya kurukia, alijenga kibanda chenye milango mitano, na juu ya kila mlango akaandika jina la jiji la ng'ambo. Ndege ilipaa, ikauzunguka Mlima Kigongo mara nne, ikatua palepale, na abiria wakashukia kwenye mlango waliopangiwa.

Kapteni Lwitiko alithubutu kuuliza. "Mkurugenzi, mbona tunarudi tulikotoka?"

"Kapteni, hukufundishwa jiografia? Dunia ni mviringo. Ukienda mbele bila kuchoka utarudi ulipoanzia. Wenzetu wa mataifa makubwa wanaizunguka yote bure. Sisi tumefupisha."

Abiria wa njia mpya walikuwa watumishi wa serikali, waliopangwa kwa zamu kama wanafunzi wa bweni wanavyopangiwa kuosha vyoo. Karani wa ardhi alitapika ndani ya kofia yake mwenyewe, kisha kwa woga akaivaa aliposikia wimbo wa taifa. Mkurugenzi aliamuru apigwe picha, kwa kuwa kutapika ni ushahidi wa safari ndefu.

Njia mpya zilihitaji mafuta. Kwa hiyo safari ya Jumanne ya kwenda Mji Mkuu ilifutwa, kupisha ukuaji. Njia mpya zilihitaji pia nafasi. Kwa hiyo njia ya kurukia ikarefushwa, ikalala juu ya barabara kuu pale inapopenya kati ya mlima na bwawa, ikazungushiwa seng'enge. Mabasi yakapigwa marufuku. Watu wa Mbangamawe wakawa hawana pa kutokea ila angani, jambo ambalo Mkurugenzi alilieleza katika ripoti yake kuwa ni "ongezeko kubwa la mahitaji ya usafiri wa anga." Bi Zamaradi aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Dole gumba lake lilikuwa limeota sugu.

Jumanne moja alfajiri mama yake, Bi Kidawa, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya mji, aliamka akishika kichwa. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya zilizoiva kupita kiasi. Akaitazama taa, akasema anaona upinde wa mvua umeizunguka, kisha akatapika.

"Hii ni presha ya macho," tabibu wa wilaya alisema baada ya kummulika. "Hapa nina dawa ya kupunguza maumivu tu. Daktari wa macho yuko Mji Mkuu. Akimwona leo, anapona. Akimwona Ijumaa, tuombe Mungu. Baada ya Ijumaa, Bi Zama, umtafutie mama fimbo."

Ilikuwa Jumanne. Zamani, saa sita mchana wa siku ileile, ndege ingekuwa inaelekea Mji Mkuu. Na saa sita ndege iliondoka kweli. Ilizunguka Mlima Kigongo mara nne ikiwa na maafisa mifugo kumi na wawili. Bi Zamaradi alisimama mlangoni akawabonyezea mmoja mmoja, tik, tik, tik, na kila tik ilimchoma kama sindano ya cherehani ya mama yake.

Alipomaliza alikwenda ofisini.

"Mkurugenzi, mama yangu ni mgonjwa. Lazima aondoke Ijumaa, la sivyo atapofuka."

"Ijumaa!" Dakta Mabumunda akapiga meza. "Ijumaa Mheshimiwa Waziri anakuja! Tunatimiza abiria milioni moja! Mama yako ana tiketi?"

"Nimemkatia. Hii hapa."

Mkurugenzi akaichukua, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga. Alikuwa hajaona tiketi siku nyingi. "Ya kweli kabisa," akanong'ona. "Ina mpaka namba ya kiti. Bi Zama, umeokoa taifa. Nilikuwa natafuta wa kumwonesha Waziri. Mama yako ndiye Abiria wa Milioni Moja! Atavishwa shada, atapigwa picha, na atapanda ndege akishangiliwa na watu elfu sita."

"Atafika Mji Mkuu?"

"Mama, nani ataizuia milioni?"

Bi Zamaradi alimshukuru. Njiani kurudi nyumbani alitema mate kuusafisha ulimi wake, lakini alikuwa ameshashukuru.

Ijumaa asubuhi ndege ilimleta Waziri wa Usafiri, Mheshimiwa Gaudensi Tunguhole, na msafara wake. Watu elfu sita walikuwa wamekusanywa tangu saa kumi na moja alfajiri. Wote walitazama choo cha marumaru kwa hamu, lakini choo kilikuwa kimefungwa utepe, kinangoja kuzinduliwa, kwa hiyo watu walijisaidia nyuma ya picha ya Rais, iliyokuwa kubwa na yenye kivuli kizuri. Kufikia saa tatu harufu ilikuwa imepanda jukwaani, ikaketi na wageni waalikwa.

Bi Kidawa aliwekwa kwenye kiti chekundu katikati ya jua, mkanda wa hariri kifuani, shada la maua ya plastiki shingoni. Alikuwa amejifunika macho kwa upande wa khanga. Bi Zamaradi alisimama nyuma yake na mwavuli, mpaka afisa itifaki alipokuja kuuchukua, kwa kuwa mwavuli ulikuwa wa rangi ya chama cha upinzani.

Waziri alikula wakati wote. Alikula paja la kuku wakati wa dua, alikula la pili wakati wa shairi, na vidole vyake alivifutia kwenye vibendera vilivyopamba meza. Alipoitwa kuhutubia alisimama na kipande cha ngozi ya kuku kikiwa kimenata kidevuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ngozi ile ilihutubia pamoja naye dakika mia moja na kumi.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza, abiria milioni moja katika mkoa wenye watu laki mbili, inawezekanaje? Na mimi nawauliza: uzalendo wenu uko wapi?"

Makofi.

"Mama huyu mnayemwona hapa ni milioni! Si mtu wa kawaida! Tazameni anavyolia kwa furaha!"

Bi Kidawa hakuwa analia. Macho yake yalikuwa yanatoka maji yenyewe. Akavuta mkono wa bintiye. "Mwanangu, huyu anasema nini muda wote huu?"

"Anasema wewe ni fahari ya taifa, mama."

"Mwambie fahari ya taifa kichwa kinapasuka."

Kisha akatapika mapajani mwake. Afisa itifaki aliruka kama kiranja aliyesikia kelele, akatandaza kibendera juu ya matapishi, akalinyoosha shada.

"Bibi, shikamoo. Tafadhali, ukitapika, tapikia kushoto. Kamera ziko kulia."

"Marahaba," alijibu Bi Kidawa, aliyelelewa vizuri. "Na wewe kaa kushoto, mwanangu."

Saa saba utepe wa choo ulikatwa. Saa nane afisa itifaki akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa abiria wataingia ndegeni.

"Kwa mujibu wa Kanuni ya Wasindikizaji," akasoma, "kila aliyefika kusindikiza ni abiria kamili mwenye haki zote. Viti vitagawiwa kwa kufuata vyeo. Kiti cha kwanza, Mheshimiwa Waziri. Cha pili, mke wa Mheshimiwa Waziri. Cha tatu, Dakta Mabumunda. Cha nne, mpishi wa Mheshimiwa."

Wakaitwa mshairi wa wizara, mbeba mwavuli, wapiga picha wawili, na mganga ambaye cheo chake kilikuwa Mshauri wa Hali ya Hewa. Kwenye cha kumi akaketi afisa itifaki mwenyewe. Cha kumi na moja alipewa shemeji wa mtu. Kwenye cha kumi na mbili ukawekwa mkoba wa Waziri, ukafungwa mkanda.

Bi Zamaradi akamkimbilia Mkurugenzi kwenye ngazi ya ndege. "Na mama yangu?"

"Mama yako ndiye anayesindikizwa, Bi Zama!"

"Sasa si ndiye apande?"

"Akipanda yeye, sisi tutamsindikiza tukiwa wapi? Huku chini? Na vyeo vyetu?" Akamshika bega kwa upole. "Mwambie atupungie mkono. Kamera ziko kulia."

Kamba ikafungwa, ndege ikapaa. Bi Kidawa, mtu pekee mwenye tiketi katika umati wa watu elfu sita, akabaki kwenye kiti chekundu.

"Tumeshaondoka?" akauliza. "Mbona sisikii mtikisiko?"

Ndege ilikuwa inauzunguka Mlima Kigongo, mara ya kwanza, mara ya pili, na polisi walikuwa wanaufukuza umati kuelekea upande wa pili wa uwanja, kwani aliyesindikizwa lazima apokewe. Watu elfu sita wakakimbia juu ya njia ya kurukia, kwaya ikikimbia na ngoma zake. "Wewe mhesabuji, twende mbele!" askari mmoja akampigia kelele. "Hawa wakifika kule ni abiria wapya!"

Bi Zamaradi akakitazama kidude kiganjani. Akakiweka mfukoni. Akavuta toroli la mizigo lililokuwa karibu, akamkalisha mama yake juu yake, akamvua lile shada, akasukuma.

Alifika wakati Waziri anashuka. Waziri alisimama kwenye ngazi, akawatazama watu walewale aliowaaga dakika ishirini zilizopita, wakihema na kutokwa na jasho, akafungua mikono.

"Ndugu wenyeji! Nimetembea nchi nyingi, lakini ukarimu kama huu sijauona! Huko nilikotoka, nisiseme uongo, watu wake wananuka!"

Watu walewale wakapiga makofi. Kisha Waziri na msafara wakaingia kwenye mlango wa katikati wa kibanda, uliokuwa na jina la jiji lenye theluji, ambako pilau lilikuwa linangoja.

Kapteni Lwitiko alibaki peke yake, ameegemea bawa, uso umempauka. Bi Zamaradi akalisimamisha toroli mbele yake.

"Kapteni. Huyu ni mama yangu. Ana tiketi."

Kapteni akaisoma tiketi, akamtazama Bi Kidawa, akatazama mlima. "Dada, mafuta yaliyobaki yanatosha kufika Mji Mkuu. Kurudi hayatoshi. Na Waziri lazima arudi leo."

"Kwani wewe uliajiriwa kuuzunguka mlima?"

Kapteni akakuna kichwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliajiriwa kufanya nini. Hatimaye akafungua kamba ya mlango. "Mpandishe. Lakini njia yote imejaa watu. Nani atawaondoa?"

Hapo Bi Zamaradi akaelewa kwamba hatapanda. Akambeba mama yake, mwepesi kama kitambaa kisichoshonwa, akamfunga mkanda kwenye kiti cha kwanza, ambacho bado kilikuwa na mafuta ya kuku.

"Huji?" Bi Kidawa akauliza.

"Nina kazi kidogo, mama. Kapteni atakufikisha mpaka mlango wa hospitali."

"Niende peke yangu? Watu wataniona mwizi."

"Waone tu, mama."

Akakishika kile kipaza sauti kilichoachwa kitini na afisa itifaki, akakisafisha kwa khanga kwa sababu kilikuwa na mate, akashuka, akatangaza kwa sauti ya serikali: "Ndugu abiria! Pilau la wananchi linagawiwa sasa hivi upande wa jengo la vioo! Wahini, ni kidogo!"

Watu elfu sita waliokuwa hawajala tangu alfajiri waliondoka kwenye njia ya kurukia kwa kasi ambayo hakuna polisi angeweza kuipata. Nusu ya polisi walitangulia mbele. Hakukuwa na pilau, na jambo hilo lilimuuma Bi Zamaradi kuliko mengine yote aliyoyafanya siku hiyo. Lakini njia ilikuwa nyeupe. Ndege ikakimbia, ikainuka. Mlima Kigongo ikauacha kushoto, ikaendelea kwenda.

Ndani ya kibanda Waziri alisikia muungurumo, akainua kijiko. "Hiyo ni njia ya sita?"

"Ya sita, Mheshimiwa," akasema Dakta Mabumunda, aliyekuwa amegeuka rangi ya majivu. "Ni ya kushtukiza."

Bi Kidawa alipiga simu kesho yake jioni, kwa simu ya muuguzi. "Mwanangu, jicho la kulia limekufa. Daktari anasema tungefika Jumanne yangepona yote mawili. La kushoto linaona. Muuguzi huyu ana pengo, nimeliona. Aliniuliza umekuja na nani, nikamwambia nimekuja mwenyewe, akaificha pochi yake." Akacheka kidogo. Bi Zamaradi akalia kwa jicho moja, lingine likacheka, kisha akabadilisha.

Waziri naye alikuwa bado yupo. Ndege ilikuwa imekauka mafuta Mji Mkuu. Barabara haikuwepo. Alipiga simu wizarani kwake kuagiza ndege iletwe, nao wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba agizo la aina hiyo, kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe, lazima litiwe saini na Waziri na kuwasilishwa kaunta kwa mkono.

Siku ya tatu alikuwa amekaa sakafuni mwa jengo la vioo, viatu kavua, msafara wake umelala huku na huku kama samaki waliomwagika. Choo cha marumaru alichokizindua kilikuwa kimetumiwa na watu kumi na mmoja kwa siku tatu, na kwa kuwa hakikuwa na shimo, kiliwarudishia kila walichokipa, mpaka nje ya mlango, mpaka karibu na zulia jekundu. Nzi walikuwa wengi kuliko wasindikizaji. Ngozi ya kuku ilikuwa bado iko kidevuni.

Bi Zamaradi aliitwa. Alijua anaitwa kufukuzwa kazi, hivyo alivaa gauni zuri, alilolishona mama yake. Lakini Dakta Mabumunda alikuwa na shida iliyo kubwa kuliko hasira.

"Bi Zama, yaliyopita tuyaache. Tangu Ijumaa hatujapata abiria hata mmoja. Ripoti inatakiwa leo. Mheshimiwa amekaa hapa siku tatu, hajaandikwa. Mbonyeze basi japo mara moja."

Bi Zamaradi akakitoa kile kidude mfukoni. Akamtazama Waziri kuanzia soksi mpaka kidevu, bila haraka, kisha akakiweka mezani mbele ya Mkurugenzi.

"Mimi nahesabu wanaoondoka," akasema. "Huyu haondoki."

Dakta Mabumunda akafumba macho, akaiona Idara ya Nzige.

Waziri akaitafakari ile sentensi taratibu, akiitafuna kama paja. Uso wake ukaanza kung'aa. Akajiinua kutoka sakafuni, akaivuta suruali yake juu ya kitambi, akawageukia watu wake.

"Mmesikia?" akasema kwa sauti iliyojaa machozi. "Mmesikia wananchi wanavyonitakia nidumu? Andikeni! Andikeni maneno ya mama huyu neno kwa neno!"

Na mshairi wa wizara akaamka, akatafuta kalamu, akaandika.